Ua la Jani Fupi

Niseme mapema usije ukadanganyika katikati: mwanamke ninayetaka kukueleza nilimpenda, na bado nimemkasirikia. Sote tulimwita Mama Fundi. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo kawaulize wengine. Mimi nilimjua kwenye meza ya kukatia vitambaa, Buyenzi, Bujumbura, kwa miaka kumi na mmoja, na mtu ukimjua kwenye kazi yake unafikiri umemjua wote.

Nianze na mkasi. Alikuwa na mkasi mweusi, mzito, ambao hakumkopesha binadamu yeyote. Ukiuomba alikujibu, "Mukasi na muswaki, kila mutu na wake." Siku moja dada yake mwenyewe alikuja kutoka Kigoma, akataka kukata kauzi kadogo tu kwenye mkono wa gauni. Mama Fundi akamtazama. "Una meno, dada?" Dada akasema anayo. "Basi, Mungu alishakupa." Na dada akakata kwa meno, huku sisi tumeinamisha vichwa tusicheke.

Kazi yetu ilikuwa kuvreli. Ni lile blanketi la vipande vya kitenge, unakata maumbo, unayashona moja moja mpaka yanakuwa kitu cha kutandika juu ya kitanda, na kwetu bibi harusi asiyepewa kuvreli na mama zake ni kama ametolewa nyumbani kwa haraka. Moja ilituchukua wiki tatu, na wiki nzima katika hizo ilikuwa ya kukata tu. Kabla ya kila kipande Mama Fundi alisema Bismillahi. Vipande mia mbili, Bismillahi mia mbili. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini ugonjwa ule ulinishika. Siku moja nilikata keki mbele ya wamama wa kwaya, nikasema Bismillahi kwa sauti, na mke wa mchungaji akaacha kutafuna. Nilipomsimulia Mama Fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

Ulimi wake, jamani! Ukishona mshono uliopinda, aliuinua juu kila mtu auone: "Hii mushono imetoka Gatumba kwa miguu." Gatumba ndiko nilikokuwa nikiishi, kwa hiyo utani huo ulikuwa wangu peke yangu. Ukichanganya rangi vibaya alikuuliza, "Bon, umezipanga ama zimepigana?" Mwanamke mmoja alipenda sana kuapa. Akichelewa anaapa, akiharibu anaapa. Mama Fundi akamwambia, "Kiapo si chumvi, we mama. Usitie kila chungu." Ukiapa mezani kwake ulifagia ua wa kazini siku nzima. Katika miaka yote ile yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akiapa, mpaka siku moja, na siku hiyo nitaifikia.

Lazima pia niseme habari ya maji, maana nikiificha nitakuwa mwongo.

Mto ulipofurika ukaingia Gatumba, maji yalifika madirishani kwetu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, nilikuwa na wanangu wawili, na tulikaa juu ya meza tukingoja sijui tunangoja nini. Mtu wa kwanza kuniita jina kutoka nje alikuwa Mama Fundi. Amefunga kitenge kiunoni, maji yamemfika mapajani, na umri wake ule! Alimbeba mtoto wangu mdogo mgongoni, akajitwika cherehani yangu kichwani, akanitukana kwamba natembea polepole. Alitupa chumba chake cha vitambaa. Tulikaa humo miezi mitano na hata siku moja hakunifanya nijione mgeni. Watoto wakikohoa aliamka yeye kabla yangu. Hayo yote ni kweli, na sitaondoa hata moja.

Maji yalichukua kila kitu cha marehemu mama yangu. Picha zake, vitenge vyake, Biblia yenye mwandiko wake pembeni mwa kurasa. Kilibaki kitu kimoja, kwa sababu hakikuwa nyumbani. Kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari kule kazini.

Hapa nikueleze desturi ya meza yetu. Kila fundi alikuwa na umbo lake. Huyu nyota, yule samaki, mwingine mwezi. Umbo ulilikata kwenye kartoni, ukalitoboa, ukalitundika kwa uzi kwenye msumari wako, na hakuna aliyekata umbo la mwenzake bila kuomba mkono. Kuomba mkono ilikuwa hivi: unakuja na pakiti ya sukari, unaiweka mbele ya mwenye umbo, unasema, "Nakuomba mukono." Akikubali, yeye mwenyewe anakukatia kipande cha kwanza, ndipo wewe unaendelea. Desturi hiyo aliileta Mama Fundi. Mwanamke mmoja alichora nyota ya mwenzake kwa siri akaishonea nyumbani, na Mama Fundi alipojua alimfungia mizigo yake mwenyewe akamweka mlangoni. "Mwizi wa kitambaa anaiba mita," akatuambia. "Mwizi wa umbo anaiba mutu." Tuliyaamini maneno hayo. Mimi niliwafundisha mpaka watoto wangu.

Umbo langu lilikuwa ua la majani matano. Mama yangu alilichora kule Uvira, mimi nikiwa bado mdogo, alipokuwa akidarizi mashuka ya watu. Alilichora kwenye kartoni ya sabuni, na kartoni ikaisha kabla ya jani la tano, basi jani hilo likatoka fupi. Nyuma yake aliandika kwa kalamu ya risasi jina alilokuwa akiniita yeye tu. Ningeweza kulisahihisha lile jani kwenye kartoni mpya. Sikutaka. Ukilishona, ua linainama kidogo upande mmoja, na mafundi wote wa Buyenzi wakiliona walisema, hili ni la yule wa Gatumba. Baada ya maji, kartoni ile ndiyo ilikuwa kaburi la mama na picha ya mama. Sina kingine.

Sasa mikono. Mikono ya Mama Fundi ilianza kuvimba kwenye viungo, na yeye akaficha. Alituambia ameshika nyavu, amekanda unga, kila siku sababu mpya. Kisha mkasi ukamponyoka mara ya kwanza, ukaanguka sakafuni, tukajifanya hatukusikia. Tulianza kumkatia vipande vyake kwa kupokezana na yeye akavipokea bila kutazama usoni. Mtu ambaye anakataa kukopesha mkasi, halafu anakopeshwa mikono: najua ilimuuma. Nilimhurumia sana wakati ule. Hata leo nikikumbuka ule mlio wa mkasi sakafuni, hasira inanipungua kidogo, halafu inarudi.

Mtoto wake wa kiume anaishi Ulaya. Ndiye aliyetuma mashini. Miaka yote Mama Fundi alikuwa akizisema mashini za kukata vitambaa, kwamba zinakata kitenge kama zinakata mukate, hazijui uzi wala rangi. Siku ilipofika alivaa nguo za Idi.

Ni kitu cha chuma, ukubwa wa sanduku la nguo, kina roli mbili za chuma zinazobana, na mpini wa kuzungusha. Kinakuja na kalibu, yaani kibao chenye kisu kilichopindwa kwa umbo unalotaka, kimefukiwa ndani ya sponji. Unakunja kitenge mara kadhaa, unakilaza juu ya kalibu, unafunika na kibao cha plastiki, unasukuma katikati ya roli, unazungusha. Inalia krrr, na upande wa pili vinatoka vipande sita, nane, sawasawa, kama vilizaliwa pamoja. Haitaki umeme, na kwetu kitu kisichotaka umeme ni ndugu.

Siku ya kwanza tuliiharibia kazi vibaya. Tulikunja kitenge mara kumi na mbili, kwa uchu, mpini ukakwama, wanawake watatu wakaning'inia juu yake. Halafu tulilaza kitambaa upande usiofuata uzi wake, kikavutika kwenye roli, na pembetatu zikatoka zimenenepa kiuno, ukizipanga hazikutani. Mama Fundi alizitazama, akasema, "Hata mashini inafundishwa, muiache ilie." Akajifunza. Alijifunza haraka kuliko sisi, kwa sababu mpini aliweza kuusukuma kwa kiganja, bila vidole. Siku hiyo ya kwanza alisema Bismillahi kila mzunguko. Wiki iliyofuata alisema asubuhi tu.

Nisieleweke vibaya. Mashini niliipenda. Kazi ya wiki nzima ilikuwa ya saa mbili, mabega yangu yalipumzika, na ningekuwa mjinga kuililia kalamu ya risasi na mkasi. Ilikuja na kalibu tatu: mraba, pembetatu na duara. Maumbo yetu yalibaki kwenye misumari, tukayakata kwa mkono kama zamani.

Asubuhi moja nilifika, msumari wangu uko mtupu.

Nilidhani umeanguka ule uzi. Nikapiga magoti, nikatazama chini ya meza. Wenzangu wakatazama. Mama Fundi akaja, akauliza nimepoteza nini, nikamwambia. Akaweka mikono kichwani. "Kartoni ya mama yako? Yoo!" Alisogeza kabati na sisi, kwa mabega yake. Alimwaga magunia matatu ya vipande sakafuni, akakaa chini, akachambua kimoja kimoja na vile vidole vilivyovimba. Tulitafuta wiki mbili. Alisema labda panya. Alinunua dawa ya panya! Siku ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nalia, akaja akakaa karibu yangu, akanishika goti, akasema, "Wallahi, mwanangu, sijaiona." Hapo ndipo nilipomsikia akiapa. Nikajifuta machozi. Nilijisemea, mtu huyu hatii chumvi kila chungu, na huzuni yangu imemfanya aape. Nilimhurumia kwa kuapa kwake.

Miezi mitatu ikapita. Mama Fundi alianza kukata peke yake chumba cha nyuma, anatuletea vipande vimeshafungwa kwa mafungu, sisi kazi yetu kushona. Siku moja aliniwekea fungu la maua mekundu. Nikashona la kwanza, nikashona la pili. La tatu mkono ukasimama wenyewe. Nikalilaza mezani, nikapitisha kidole: jani, jani, jani, jani, jani fupi. Nikachukua lingine. Jani fupi. Nikafungua fungu zima. Yote yalikuwa yameinama upande uleule, maua arobaini, na lile kosa la mwisho wa kartoni ya sabuni likiwa limekatwa kwa chuma.

Niliingia chumba cha nyuma bila kubisha. Alikuwa amesimama kwenye mpini.

"Mama, hii ua ni ya nani?"

Hakuacha kuzungusha. "Ni ya mashini."

"Mama."

"Mutoto wangu alitengenezesha kalibu kule. Sasa ni ya mashini, na mashini haina mama. Endelea kushona, bibi harusi anangoja."

Nilirudi mezani. Wenzangu wote walikuwa wamesikia, mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeinua kichwa. Yule wa nyota alikuwa anafunga fundo ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Baadaye, bombani, alinisogelea akasema polepole, "Na we, alikubeba mu maji." Basi. Ndilo neno moja nililopewa, na nilipewa na watu watano kwa namna tano. Yaani kwa sababu aliniokoa, alikuwa na ruhusa ya kunila. Nilishona ile kuvreli mpaka mwisho, kwa kuwa bibi harusi hakunikosea, kisha nikachukua cherehani yangu nikaondoka.

Usifikiri ukiondoka inaisha. Kalibu ikikata, inakata. Ua lilienea mji mzima. Nilipita Kigobe kwenye nyumba za wakubwa, nikaliona kwenye kamba ya nguo, limeanikwa. Nililiona kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa, kwenye mito ya viti. Kwenye harusi moja msema-chochote alishika kipaza sauti akatangaza, "Na sasa wapendwa, kuvreli ya Mama Fundi, na lile ua lake tunalolijua wote!" Watu wakapiga vigelegele. Nilipiga na mimi, maana jirani yangu alikuwa ananitazama. Nikianza kushona ua langu mwenyewe kwa mteja, aliniambia, "Ah, unaiga la Mama Fundi." Nikaacha kulishona. Umbo la mama yangu lilinishinda kulishika, mimi mwenyewe.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka aseme, mbele ya mtu mmoja tu, yeyote, kwamba ua lile si lake. Na nilitaka kartoni yangu.

Miaka miwili baadaye aliniita. Alikuwa ameacha kazi, anaishi Ruziba kwa binti yake. Wiki hiyo petroli ilikuwa imekauka mjini tena, nikapanda baiskeli ya abiria mpaka ilipopasuka gurudumu, nikamalizia kwa miguu. Binti akanipokea vizuri, akanipeleka chumbani kwa mama, akaenda kuchemsha chai.

Mama Fundi alikuwa amepungua. Mikono ilikuwa mapajani, imejikunja, haifunguki. Kitandani alikuwa ametandika maua yangu, ya bluu.

"Ule mukubwa bado anakohoa?" Ndilo neno lake la kwanza. Nikasema amepona. "Na mudogo? Alimaliza shule?" Nikasema bado mwaka mmoja. Hakuwa amesahau hata kitu kimoja, na mimi nikaanza kusahau kilichonileta.

"Chungulia chini ya kitanda," akasema.

Nikavuta kitu kizito kilichofungwa kwa taulo. Ilikuwa ile kalibu.

"Chukua. Ni yako. Mi najua ni yako, najua toka siku ya kwanza."

Aliyasema kwa sauti ya chini, macho yake mlangoni. Miaka miwili nilikuwa nangoja maneno yale, na yalipokuja hayakunifikisha popote. Nikafungua taulo. Sponji ilikuwa imelala chini imeliwa, na kisu kimepinda sehemu tatu. Nikakibonyeza kwa kidole gumba, nikakipitisha kwenye majani yote matano. Hakikunikwaruza hata ngozi.

"Haikati tena hii, mama."

"Ni ukumbusho."

"Na kartoni ya mama yangu iko wapi?"

Akatazama dirisha. "Kule walitupa. Si ilikuwa kartoni ya sabuni tu."

Nikaiweka kalibu magotini. "Kwa nini hukuniomba? Ningekupa. Ungekuja na sukari yako, ukasema nakuomba mukono, ningekukatia ya kwanza mi mwenyewe. Ungekata mpaka uchoke."

Hapo alinigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona yule Mama Fundi wa zamani, shingo imesimama.

"Mi? Niombe mukono kwa mutu niliyemubeba mu maji?"

Kabla sijamjibu, binti aliingia na sinia ya chai, na uso wa Mama Fundi ukafunguka, sauti ikawa tamu.

"Unamuona huyu? Ni huyu nilimufundisha kazi, mpaka ile ua yangu ya majani matano. Alikuwa na mukono muzuri."

Nikasimama. Nikaiweka kalibu kwenye sinia, katikati ya vikombe.

"Apana, mama," nikasema. Sikuwahi kumwambia apana tangu nimjue. "Dada, hili ua ni la mama yangu mzazi. Alilichora Uvira. Mama yako alichukua kartoni yangu kwenye msumari, akanisaidia kuitafuta wiki mbili, akaapa. Ameniambia sasa ivi, hapa, kabla uingie. Muulize."

Binti alibaki ameshika sinia, kalibu imeilemea upande mmoja, chai inamwagika. Nilitoka. Viatu vyangu nilikuwa nimeviacha mlangoni, na kamba zilinikatalia, nikainama pale nikizihangaikia, ndiyo maana niliwasikia.

"Mama, ni kweli anavyosema?"

Nikaacha kamba. Nilisubiri, Mungu wangu, nilisubiri kwa moyo wote.

"Muache," alisema Mama Fundi. "Ametembea na jua, imemupiga kichwani. Lete iyo chai yake, nitaikunywa mi."